Dengu za Kuoka: Historia ya Kitafunio cha Wasafiri na Maskini



Wiki chache zilizopita niliweka trei ya dengu ndani ya oveni kwa mara ya kwanza. Nyumbani tulikuwa tumekubaliana kupunguza biskuti na viazi vya pakiti, kwa sababu mzee wetu ameambiwa na daktari kuwa sukari yake imepanda, na si haki kumkataza yeye peke yake huku watoto wanatafuna mbele yake. Dengu zilitoka na rangi nzuri, na usiku ule zilivunjika mdomoni kwa sauti, sote tukafurahi. Nikazifunga katika vikopo vya shule. Kesho yake zikawa kama mpira. Vikopo vilirudi jioni vimejaa vile vile.

Jirani yetu hapa Nyamirambo, mama mtu mzima ambaye marehemu baba yake alitoka Oman, alionja punje moja akacheka. "Mwanangu, hizi umeziharakisha," akasema. "Dengu hukaushwa kwanza, moto unakuja baadaye."

Neno lile lilinikaa. Nikaanza kusoma na kuuliza watu wamezikaanga vipi dengu tangu zamani, nikakuta kwamba kila mahali walipojua kazi hii, walijua jambo hilo hilo alilolisema jirani yangu. Pia nikakuta kwamba kitafunio hiki, ambacho siku hizi huuzwa katika pakiti za bei kubwa kama kitu kipya cha afya, kwa zaidi ya miaka elfu mbili kimekuwa chakula cha watu wa kawaida. Leo in shaa Allah nitakusimulieni historia hiyo, kisha tuingie jikoni pamoja.

DENGU IPI TUNAYOIZUNGUMZIA?

Tuelewane kwanza kuhusu jina, maana majirani wanaweza kugombana hapa. Wakenya wengi wakisema ndengu wanakusudia choroko za kijani. Wengine huziita adesi dengu. Sisi hapa tunazungumzia ile punje ya mviringo yenye ncha iliyopinda kama mdomo wa kifaranga, ambayo unga wake ndio unaopikiwa bajia. Waarabu huiita himmas au hummus, Wahindi huiita chana, na ndugu zetu wa Burundi na Kongo waliosoma Kifaransa wanaijua kwa jina la pois chiche. Oman na Imarati huichemsha kwa pilipili na kuiita dango. Wataalamu wa mimea huiita Cicer arietinum, na neno hilo la pili linatokana na kondoo dume, kwa kuwa punje ukiitazama vizuri inafanana na kichwa chake chenye pembe zilizojikunja.

Zipo za aina mbili kubwa. Moja ni ndogo, ya rangi ya kahawia au nyeusi, na ganda lake ni gumu. Hiyo Wahindi huiita desi, maana yake ya nyumbani. Nyingine ni kubwa na nyeupe, ganda lake ni laini, nao huiita kabuli, kwa jina la mji wa Kabul kule Afghanistan.

ILIKOTOKA

Dengu ni miongoni mwa mazao ya kwanza kabisa ambayo binadamu aliyapanda kwa mkono wake, pamoja na ngano, shayiri na adesi. Mmea wa mwituni uliozaa dengu zetu bado unaota mpaka leo, na unapatikana sehemu moja tu duniani, nayo ni kusini-mashariki ya Uturuki. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta punje zake katika Tell el-Kerkh, kaskazini ya Syria, za tangu takriban miaka 10,000 iliyopita. Kutoka huko zilienda Misri, India na Uhabeshi.

Sasa fikiria shida ya dengu. Ikishakauka ni ngumu kama changarawe. Lazima iroweke usiku kucha, kisha ichemke kwa muda mrefu, na hilo linataka maji mengi na kuni nyingi. Mwenye nyumba anaweza. Lakini mchungaji, askari na mfanyabiashara aliye njiani na ngamia wake afanye nini? Jibu la watu wa kale lilikuwa ni kuipitisha katika moto kabla ya safari. Dengu iliyokwisha kukaangwa haidai sufuria, na wala haidai kuni. Unatia mkono mfukoni, unakula, unaendelea na safari.

Sisi Waislamu tunalijua jambo hili kwa njia nyingine. Katika sira tunasoma juu ya Vita vya Sawiq vya mwaka wa 2 Hijria, ambapo wapanda farasi wa Abu Sufyan walitupa mifuko yao ya sawiq ili wakimbie kwa wepesi. Sawiq ilikuwa ni nafaka, shayiri au ngano, iliyokaangwa na kusagwa, ya kuchanganywa na maji au tende njiani. Haikuwa dengu, lakini ni akili ile ile ya kupika mara moja nyumbani ili kule safarini usihitaji moto. Na huko Bihar, India, mpaka leo watu wa kazi ngumu hubeba unga wa dengu zilizokaangwa uitwao sattu, wakaukoroga kwa maji na chumvi.

KITAFUNIO CHA WATU WA KAWAIDA

Wayunani wa kale walizila dengu baada ya chakula, pamoja na tini. Plato, katika kitabu chake juu ya dola, anazitaja kuwa miongoni mwa vitafunio vya mji wa watu wanaoishi maisha ya kiasi. Warumi nao walizikaanga na kuziuza. Mshairi wao Horace, aliyefariki mwaka wa 8 kabla ya Masihi, alipotaka kuwataja watu wa chini waliohudhuria michezo ya kuigiza, aliwaita wanunuzi wa dengu za kukaanga na njugu. Hakuwa anawasifu. Lakini kwa kejeli yake ametuachia ushahidi kwamba miaka elfu mbili iliyopita mtu wa Rumi mwenye sarafu ndogo mkononi aliweza kununua gao la dengu na kutafuna huku anatazama mchezo, kama vijana wetu wanavyotafuna karanga uwanjani.

Hata hivyo dengu haikuwadharaulisha wote. Msemaji mkubwa wa Rumi, Cicero, ukoo wake ulichukua jina kutokana na cicer, yaani dengu. Mwanahistoria Plutarch anasimulia kuwa babu yake mmoja alikuwa na mfuo kwenye ncha ya pua kama ule wa dengu. Anasema pia kwamba marafiki walimshauri Cicero alibadilishe jina hilo, naye akakataa.

Katika miji ya Waislamu dengu ilipanda cheo. Kitabu cha mapishi cha Ibn Sayyar al-Warraq, kilichoandikwa Baghdad katika karne ya 10, na kile cha Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi cha mwaka 1226, vyote vinaitia dengu katika mapishi mengi ya nyama. Kwa hiyo ilifika kwenye sinia za wakubwa. Lakini ile iliyokaangwa ilibaki mitaani. Katika nchi za Sham huitwa qudama, na utaikuta mpaka leo imejazwa magunia katika masoko, nyingine ya chumvi, nyingine imevikwa sukari kwa ajili ya watoto.

MAFUNDI WA ÇORUM

Waliofanya kazi hii kuwa ufundi kamili ni Waturuki. Dengu za kukaanga kwao huitwa leblebi, na muuzaji wake ni leblebici. Muuzaji huyo alijulikana sana mitaani Istanbul hata katika miaka ya 1870 mtunzi wa muziki Dikran Tchouhadjian alimfanya kuwa mhusika mkuu wa mchezo wake wa kuimba, Leblebici Horhor Ağa. Mji wa Çorum, katikati ya nchi, umepata jina kwa leblebi kuliko kwa kitu kingine chochote.

Na hapa ndugu zangu ndipo nilipopata jibu la vikopo vyangu. Fundi wa leblebi hakaangi dengu mara moja. Huzichagua kwa ukubwa, huzipasha moto kidogo, kisha huziacha zikae. Huzipasha tena, huziacha tena, safari hii kwa siku nyingi. Baadaye huzilowesha kidogo, huziacha zivute maji, ndipo huzikaanga kwa moto wa mwisho huku zinasuguliwa mpaka ganda linatoka. Kazi yote huchukua wiki kadhaa, na sehemu kubwa ya wiki hizo dengu haziko motoni kabisa, ziko kwenye magunia zimetulia.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu punje ya dengu ni nene. Ukiipiga moto mkali kwa mara moja, nje hukauka na kuwa ngumu huku maji yamebaki katikati. Ukiiacha itulie, maji ya ndani husogea taratibu mpaka nje, na moto unaofuata huyaondoa. Fundi wa zamani hakuwa na kipimo cha unyevu, lakini alijua kwa mkono na kwa jino. Dengu zangu zilikuwa na maji katikati. Usiku kucha ndani ya kikopo kilichofungwa, maji yale yalitoka nje yakalainisha lile gamba kavu. Haraka haraka haina baraka, na hili si katika methali tu.

WAHINDI NA MCHANGA WA MOTO

Wahindi walipata njia nyingine. Kaskazini ya India kuna watu ambao kazi yao ya kurithi ilikuwa kukaanga nafaka, wakiitwa bharbhunja. Jiko lao, bhad, lina karai la chuma lenye mchanga wa moto sana. Dengu zilizotiwa unyevu kidogo na kuachwa zikae humwagwa katika mchanga huo, hukorogwa, na kwa muda mfupi tu hupasuka na kuchekechwa. Mchanga huizunguka punje pande zote, hivyo joto linaingia sawasawa bila tone la mafuta. Zamani mtu alipeleka nafaka zake kwa bharbhunja, naye alichukua ujira wake. India mpaka leo hulima zaidi ya nusu ya dengu zote za dunia, na dengu hizo za mchanga huuzwa barabarani na katika vituo vya treni ndani ya koni za karatasi, mara nyingi pamoja na kitunguu, pilipili na ndimu.

Tazameni basi. Mturuki na Mhindi, mmoja ana magunia na mwingine ana mchanga, na wote wawili huziacha dengu zikae kabla ya moto wa mwisho.

NA KWETU JE?

Huenda mtu akasema haya ni mambo ya mbali. Si ya mbali. Afrika haikuipokea dengu jana. Katika pango la Lalibela kule Uhabeshi zimekutwa dengu za tangu takriban miaka 500 kabla ya Masihi, na Ethiopia ndiyo inayoongoza Afrika kwa kuilima. Huko, Waislamu kwa Wakristo, hutafuna kolo, yaani shayiri iliyokaangwa ambayo mara nyingi huchanganywa na dengu, na huitoa pamoja na kahawa.

Pwani yetu iliizoea dengu kupitia biashara ya Bahari ya Hindi, na hasa familia za Kigujarati na Kikachi zilizofanya maskani Zanzibar, Mombasa na Bagamoyo. Urojo wa Zanzibar ungekuwaje bila bajia za unga wa dengu? Kisha kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua takriban 32,000 kutoka India kujenga reli ya kutoka Mombasa mpaka ziwani Kisumu. Wengi walirudi kwao na maelfu wakabaki. Maduka ya Wahindi yakasambaa bara mpaka Kampala na miji yetu ya maziwa makuu, na ladha za pwani zikaja nayo.

Lakini lililonigusa zaidi ni hili. Dengu zinalimwa hapa jirani kabisa, katika mikoa ya Tanzania ya Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Tabora. Wakulima hupanda katika udongo mweusi wa mbuga pale mvua zinapokaribia kwisha, na mmea unakua kwa maji yaliyobaki ardhini tu. Ni zao linalovumilia ukame, na linarudisha rutuba katika shamba kwa kuweka naitrojeni. Hata hivyo wakulima wengi hulilima kwa ajili ya kuuza, na sehemu kubwa huenda ng'ambo, hasa India. Malori yanayotuletea bidhaa Kigali kutoka Dar es Salaam hupita Nzega na Kahama kabla ya kufika Rusumo, jirani na mashamba hayo hayo. Halafu tunaingia dukani kununua pakiti iliyosafiri bahari, iliyoandikwa kwa lugha ngeni kuwa ni kitafunio cha afya, na watoto wetu wanadhani dengu ni chakula cha wazungu.

Mimi sina uwezo wa kubadilisha bei ya mkulima wa Shinyanga. Lakini ninaweza kununua kilo moja ya dengu kavu sokoni badala ya pakiti mbili za viazi, na kuwafundisha watoto wangu zilikotoka.

TUINGIE JIKONI

Vipimo:

Dengu nyeupe kavu, vikombe 2
Mafuta, kijiko 1 cha supu
Chumvi, nusu kijiko cha chai
Bizari nyembamba (jira) ya kusaga, kijiko 1 cha chai
Pilipili ya unga, kiasi upendacho
Ndimu, nusu

Namna ya kutayarisha:

1. Roweka dengu kwa saa 8 mpaka 12 katika maji mengi. Zitavimba mara mbili, kwa hiyo tumia bakuli kubwa.

2. Mwaga maji hayo, tia mengine, chemsha mpaka ziive lakini zisipasuke. Ukiibana punje kwa vidole iwe laini, bado ina umbo lake. Usitie magadi, zitavurugika.

3. Chuja vizuri. Zitandaze juu ya kitambaa safi kwa saa moja mpaka mbili, kisha zisugue taratibu. Maganda yanayotoka yaondoe. Hatua hii ndiyo niliyoiruka mara ya kwanza.

4. Washa oveni nyuzi 200 za Selsiasi. Changanya dengu na mafuta na chumvi tu. Zipange kwenye trei tabaka moja, zisipandane, maana zikipandana zitajichemsha kwa mvuke wake.

5. Oka dakika 20, tikisa trei, oka tena dakika 15 mpaka 20. Angalia zisiungue.

6. Zima oveni, fungua mlango kidogo, uziache humo humo mpaka zipoe, kama saa moja hivi. Huu ndio ule utulivu wa gunia la Çorum.

7. Vunja punje moja. Ikiwa katikati bado kuna unyevu, zirudishe kwa nyuzi 150 dakika 10 au 15, kisha ziache zipoe tena.

8. Zinapotoka, nyunyizia bizari na pilipili. Ukivitia mwanzoni vitaungua na kuwa vichungu. Ndimu ikamuliwe wakati wa kula, si kabla.

9. Usizifunge zingali na joto. Zikipoa kabisa zitie katika chupa kavu. Utamu wake hasa ni siku ya kwanza na ya pili.

Asiye na oveni asihuzunike. Chukua dengu ndogo za kahawia, ziroweke saa chache tu, zichuje na uzikaushe juu ya kitambaa. Pasha chumvi ya mawe katika karai zito mpaka iwe ya moto sana, tia gao moja la dengu kwa wakati, koroga bila kuacha mpaka zianze kupasuka, kisha chekecha. Chumvi hiyo haipotei, itunze kwa mara nyingine. Hii ndiyo njia ya Wahindi, na jiko la mkaa linaiweza vizuri sana.

TAHADHARI

Watoto walio chini ya miaka 5 wasipewe dengu kavu za kukaanga. Ni ngumu na za mviringo, na zinaweza kuwakaba koo. Wao wapewe zilizochemshwa na kupondwa. Wazee wenye meno mabovu nao wahurumiwe.

Kuhusu afya, gramu 100 za dengu zilizochemshwa zina protini gramu 9 hivi na nyuzinyuzi zaidi ya gramu 7, ndiyo maana zinashibisha na hazipandishi sukari kwa kasi kama biskuti. Lakini bado zina wanga, na zikikauka huwa nyepesi mkononi, mtu akala nyingi bila kujua. Gao moja linatosha. Na mgonjwa wa sukari asiache dawa wala miadi ya daktari kwa sababu ya dengu.

Mara ya pili nilianza Ijumaa usiku kwa kuroweka, na dengu zikaiva Jumamosi jioni. Jumatatu watoto walikwenda nazo shule. Vikopo vilirudi vitupu, na mmoja aliniambia alimgawia rafiki yake akamweleza kuwa ni chakula cha wapanda ngamia. Mzee wetu naye anatunza kibakuli chake karibu na redio, anahesabu punje moja moja. Yule jirani nilimpelekea sahani. Alitafuna ya kwanza, akanyamaza, akachukua nyingine.